Dodoma upepo upo, ila pa kurushia kaiti ndo kasheshe

Dodoma upepo upo, hilo halina ubishi. Mtu yeyote aliyekaa hapa kuanzia mwezi wa sita mpaka wa kumi anajua mabati yanavyopiga kelele usiku na vumbi linavyoingia mpaka kwenye sufuria yenye mfuniko. Na maji yapo pia, kuna bwawa la Hombolo, kuna Mtera, ukisogea Singida unakuta Singidani na Kindai ziko hapo hapo mjini, kwa hiyo mtu aliyezoea kaiti za Paje kule Zanzibar, yale matiara makubwa yanayokuvuta juu ya maji ukiwa umesimama kwenye bodi, akifika bara akaona haya maji na huu upepo lazima mate yamtoke. Mi mwenyewe yalinitoka. Nilikaa Paje misimu kadhaa, kazi yangu kubwa ilikuwa kupampu kaiti za wageni, kuwashikia wakati wa kurusha na kuwadakia wakati wa kushusha, na kuendesha nikajifunza jioni jioni wateja wakishaondoka. Niliporudi nyumbani nikarudi na kaiti mbili za mtumba, ya mita za mraba 9 na ya 12, na bodi moja iliyopasuka pembeni ikazibwa.

Sasa watu wengi wanaoniuliza habari za kaiti huku wananiuliza upepo una spidi gani, maji yana kina gani, kuna mamba au hakuna. Maswali mazuri hayo, mamba siyo mtu wa kumchukulia poa. Ila miaka yote niliyoshika kaiti za watu, karibu kila mtu niliyemuona anaumia vibaya aliumia akiwa nchi kavu, dakika ya kwanza ya kurusha au ya mwisho ya kushusha. Majini ukianguka unakunywa maji unapiga chafya unaendelea, nchi kavu ukiburuzwa unakutana na kitu. Kwa hiyo mi nikifika sehemu mpya swali langu la kwanza ni moja tu, hii kaiti ikinivuta mita hamsini kuelekea upepo unakokwenda, nagonga nini?

Kwa nini hamsini, kwa sababu kamba zenyewe zina mita 20 mpaka 24. Kaiti ikiwa upande upepo unakokwenda na wewe uko upande mwingine wa kamba, tayari eneo lenu wawili ni zaidi ya mita ishirini, alafu weka na mwendo utakaoburuzwa kabla hujafikiria kuachia. Ukutani, kwenye mti, kwenye pikipiki iliyopaki, kwenye mawe, yote hayo yanaingia kwenye hiyo hesabu. Paje hii hesabu mtu anaisahau kwa sababu ufukwe ni mpana, mchanga laini, kusi na kaskazi zote zinakuja kwa pembeni zikikusukuma kidogo kurudi ufukweni, ukiharibu unarudishwa kwenye mchanga unacheka. Hatari zipo hata kule, vijiti vya akina mama wa mwani maji yakitoka, hoteli zilizosogea karibu mno, msongamano wa wanafunzi, ila kuna boti na kuna watu kumi wanaojua kukudaka. Huku bara uko wewe, mbuzi na Mungu.

Hombolo ndo karibu kwangu. Bwawa la zamani lile, lilijengwa 1957, na watu wanaizunguka kwa kilimo, hasa zabibu. Ukiliona kwa mbali unasema hapa ni peponi, maji mapana, upepo unapiga bila kukata. Alafu unashuka mpaka ukingoni unaanza kuangalia upepo unaelekea wapi, na pale nilipokuwa nimepapenda upepo ulikuwa unatoka majini unakuja moja kwa moja nchi kavu, na nyuma yangu hatua chache tu kuna shamba la zabibu. Wasiolijua shamba la zabibu la Dodoma, ni nguzo zimepangwa mistari na waya zimekazwa kati yake kama kimo cha kifua. Hebu fikiria mtu anayeburuzwa na kaiti anaingia mle kwa kifua.

Siku moja rafiki yangu alikuja kutoka Dar na kaiti yake mpya kabisa, ametembea usiku kucha na basi, ana usongo. Tukafika Hombolo, upepo mtamu kweli, akapampu haraka akafunga kamba akavaa hanesi, ule mkanda wa mwilini unaounganishwa na kaiti, akaniambia bro nishikie. Nikaishika kaiti, nikaangalia nyuma, nguzo zile. Nikamwambia siachii. Akadhani natania akaniinulia dole gumba, ile ishara ya kwamba rusha. Nikatikisa kichwa. Akaanza kufoka, kaka tumekuja huku kwa ajili gani, nauli nimelipa, upepo ndo huu. Nikalaza kaiti chini nikaipindua, nikaikalia kabisa, nikamwambia tutembee na ukingo mpaka kule kwenye ile ghuba ambako upepo unapita sambamba na maji na nyuma kuna uwanda wa nyasi, dakika ishirini na tano za kutembea na mzigo. Hakutaka. Jua lilikuwa limeshapanda, tukabishana mpaka hamu ikaisha, tukafungasha.

Na ukitaka kujua ukweli, hakuna kilichotokea siku ile. Upepo ulitulia vizuri tu, pengine angerusha angeendesha saa zima akarudi salama akanicheka. Njia nzima kurudi mjini alininunia. Lakini huo ndo utaratibu niliokuta Paje na mi naushikilia, mwenye kushika kaiti ana haki ya kukataa kama mwenye kuvaa hanesi, na akikataa mmoja mjadala umeisha, hakuna kura. Anayevaa hanesi ana mhemko, anaona maji tu. Anayeshika kaiti ndo amesimama upande anaoweza kuangalia kila kitu.

Singida ni habari nyingine. Ziwa Singidani lina mawe, yale mawe makubwa ya Singida yaliyopangana utadhani kuna mtu ameyabeba, yanapendeza kwenye picha mpaka basi. Kwa mtu wa kaiti ni balaa mara mbili, kwanza ni kitu cha kugonga, pili yanaharibu upepo. Upepo ukipita juu ya jabali unavurugika nyuma yake, na kanuni tuliyofundishwa ni kwamba mvurugiko unafika mbali mara saba ya kimo cha kile kilichozuia, yani jabali la mita 10 linakuharibia mpaka mita 70 huko nyuma. Umesimama sehemu unahisi kaupepo kadogo usoni, unasema pametulia hapa nirushie hapa, kaiti ikipanda juu huko inakutana na upepo wenyewe. Sehemu iliyotulia katikati ya upepo mkali siyo sehemu salama, ni kivuli.

Nilishuhudia ajali pale. Kulikuwa na jamaa mwingine tuliyekuwa tunaendesha naye, mtu mzima, uzoefu anao wa kutosha kwenye bahari. Mi nilikuwa bado napampu ya kwangu mbali kidogo, yeye alikuwa tayari na hakutaka kusubiri, akamwita kijana wa bodaboda aliyetuleta akamwambia dogo shika hapa, nikikuambia achia unaachia. Basi. Hayo ndo yalikuwa mafunzo yote. Yule dogo hajawahi kushika kaiti maishani, akasimama alipoona panafaa yeye, na alipoona panafaa ni mbali mno upande upepo unakokwenda, karibu mstari mmoja na upepo wenyewe. Kaiti inatakiwa irushwe kutoka pembeni, ukingoni mwa upepo, ipande taratibu ikiwa haina nguvu nyingi, na upande wa maji. Ikirushwa kutoka katikati inapita kwenye eneo lenye nguvu zote kwa mpigo. Na dogo hakuachia tu, aliirusha kwa mikono miwili juu kama anamsaidia.

Jamaa alichomoka. Sikuona miguu ikikanyaga, niliona ameinama mbele alafu yuko chini anasuguliwa, na mikono yote miwili imeng'ang'ania baa, ule mpini wa kuendeshea kaiti, ameivuta kifuani. Nilikimbia huku napiga kelele achia baa, achia baa, na niliijua sababu ya yeye kutoachia, mwili ukiogopa unashika kilicho mkononi, ni kama mtu anayevutwa na ng'ombe wa kulima akazidi kujizungushia kamba kwenye mkono. Baa ya kaiti ukiivuta kwako unaongeza nguvu, ukiiachia ikaenda mbele nguvu inapungua sana papo hapo, na kama haitoshi unasukuma ile rilisi ya dharura kaiti inabaki imening'inia kwa kamba moja haina uwezo wa kuvuta. Vitu viwili hivyo anavijua, ameshawafundisha wengine. Alisimamishwa na jiwe. Mkono ulivunjika pale juu kidogo ya kiganja, na paja lilichunika kuanzia kwenye nyonga.

Kilichonikaa ni yule dogo wa bodaboda. Alisimama pale pale alipoachia kaiti, machozi yanamtoka, anarudia bosi aliniambia niachie, bosi aliniambia niachie. Ndo yeye yeye aliyetuwahisha hospitali, na njiani hakuongea hata neno. Toka siku ile mi simpi mtu kaiti kabla sijakaa naye chini. Namuonyesha pa kusimama, namchorea upepo kwenye vumbi kwa kijiti, namwambia unashika kwenye ule mrija wa mbele katikati, unasimama nyuma yake, unasubiri kitambaa kiache kupepesuka kiwe kimejaa, mi nikiinua dole gumba unafungua tu mikono, hurushi. Alafu tunafanya mazoezi kaiti ikiwa haina kamba. Inachukua robo saa. Kama hayuko tayari kunipa robo saa hiyo simtumii, na kama sina mtu siku hiyo siruki, maana kujirushia peke yako kwa kufunga kaiti kwenye mti au kwenye gari ni mambo ya ufukwe mpana wenye upepo ulionyooka, siyo hapa.

Upepo wa huku haujanyooka. Hili wenzetu wa pwani wanachelewa kulielewa. Kule upepo umesafiri juu ya bahari hauna kilichousumbua. Huku umepita juu ya milima, mibuyu, nyumba, na ardhi iliyochomwa na jua, unakuja kwa mafungu. Unaweza kuhisi kilomita 25 kwa saa, ghafla inakuja 50 kwa sekunde chache alafu inarudi. Mtu anasikia mara mbili anafikiri nguvu nayo imekuwa mara mbili, hapana, nguvu ya upepo inaenda kwa mraba, spidi ikiwa mara mbili nguvu inakuwa mara nne. Na kuna mtego mwingine hapo, Dodoma mjini tuko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na Singida ni karibu 1,500, hewa ni nyepesi kuliko ya Paje kwa asilimia 10 na kitu, kwa hiyo upepo ule ule unaokunyanyua baharini na kaiti ya mita 9 huku unaona haitoshi, unashawishika kuchukua ya 12. Ukishakuwa na ya 12 juu ndo lile fungu la 50 linakuja. Mi nachukua ndogo, kama hainyanyui naogelea tu.

Alafu kuna chamchela. Watoto wa Dodoma tumekua tunaikimbilia kuingia katikati, tunaona mchezo. Ukiwa na kaiti hewani siyo mchezo tena. Jua likishachoma ardhi, kuanzia kama saa tano mpaka alasiri, hasa mwezi wa nane, wa tisa, wa kumi, hewa ya moto inapanda kwa kujizungusha na inabeba chochote kilicho chepesi, na hakuna kitu chepesi chenye eneo kubwa kama kaiti. Nimeona chamchela ikichukua kaiti iliyolazwa chini na mfuko wa mchanga juu yake, mfuko ukaanguka huko, kaiti ikazunguka hewani ikatua juu ya mgunga. Hakukuwa na mtu kwenye kamba, asante Mungu. Ndo maana mi narusha asubuhi, saa moja na nusu, saa mbili, ikifika saa nne na nusu niko chini nakunja. Na nikiwa na kaiti juu sipendi kuiweka wima juu ya kichwa nikiwa nchi kavu, wanaoanza wanadhani pale ndo imetulia, kumbe fungu la upepo likija ikiwa pale linakunyanyua kwenda juu. Naishusha chini upande wa maji, naingia majini haraka, stori za ukingoni tutapiga baadae.

Masika ni balaa ya aina yake pia, ile ya kuanzia mwezi wa kumi na mbili. Wingu likishajaa jeusi huko mbali, kabla hata tone halijadondoka unapata upepo wa baridi ghafla na ukuta wa vumbi unakuja. Usisubiri kuhisi baridi. Ukiona wingu linasimama kama mnara, shusha.

Mtera watu wananisumbua sana, mbona huendi Mtera, bwawa kubwa, lipo barabarani ya Iringa. Nimeenda, nimekaa siku nzima naangalia, sikufungua hata begi. Bwawa lenyewe ni la umeme, mitambo ya megawati 80, na maeneo ya karibu na ukuta siyo ya kuchezea kwa sababu za ulinzi na kwa sababu ya nyaya kubwa za umeme, kamba za kaiti zikigusa waya hakuna simulizi ya kusimulia. Ukitoka hapo ukaenda mbali na ukuta unakutana na tatizo la kina. Bwawa likijaa linafika mita 698.5 juu ya usawa wa bahari na kiwango cha chini cha kuendeshea mitambo ni 690, tofauti ya mita nane na nusu tu, ila nchi ni tambarare kwa hiyo ukingo unahama mbali sana. Pale ulipoona mchanga mgumu safari iliyopita safari hii ni tope la kuzama mpaka magotini, na mtu aliyekwama kwenye tope huku kaiti inamvuta mbele anateguka magoti. Ndani ya maji kuna miti iliyokufa imesimama tangu bwawa lilipojaa, mingine kichwa kiko juu, mingine iko chini ya maji haionekani. Kamba zikijizungusha kwenye kisiki ndo basi.

Na viboko na mamba wapo, siyo hadithi. Nilimkuta mzee mmoja mvuvi anashona wavu, nikampa shikamoo nikakaa pembeni yake nikamuelezea ninachotaka kufanya, nikamuonyesha na video kwenye simu. Akaangalia mpaka mwisho akaniuliza, mjukuu wangu, ukianguka unakaa majini muda gani kabla hujasimama tena? Nikamwambia inategemea, dakika moja, saa nyingine tano. Akarudisha macho kwenye wavu wake akasema, basi umeshanijibu. Nilimnunulia sato wawili nikapanda basi kurudi.

Kuna vitu vidogo ambavyo Paje havipo kabisa. Miiba. Kaiti ina mrija wa mbele umejazwa upepo, ndani yake kuna blada, na ardhi ya huku kila mahali kuna mwiba wa mgunga mrefu mweupe mkali kuliko sindano. Ya kwanza kutobolewa nilipeleka kwa fundi baiskeli, akaweka solushen na kiraka chake vizuri kabisa, kikashika, nikafurahi, nikapampu kikabanduka chote mbele ya macho yangu, maana blada ni plastiki fulani laini siyo mpira wa tyubu, ile solushen haiing'ang'anii. Inataka viraka vyake vyenyewe. Toboo nchi kavu ni hasara tu, ila mrija ukiisha upepo ukiwa katikati ya bwawa kaiti inalala hainyanyuki tena, na hakuna boti. Kwa hiyo natandika turubai kwanza, na nikishapampu naiacha dakika kumi nione kama inalegea.

Na watoto. Kaiti ikipanda tu watoto wanatoka sijui wapi, wanakuja mbio na wanasimama hasa hasa kule upepo unakokwenda kwa sababu ndo wanaiona vizuri, chini yake kabisa, na kamba zikikazwa zikapita kwenye shingo ya mtoto zinakata. Kuwafukuza hakusaidii, wanarudi kwa furaha zaidi. Nilichogundua ni kuanza na watu wazima, nafika nasalimia kwa Kigogo, mbukwenyi, nauliza mwenye eneo ni nani, nauliza ng'ombe wanakunywa maji saa ngapi, maana kundi la ng'ombe likishtuka kwa kivuli cha kaiti likikimbia mchungaji ndo anaumia na mi ndo nitalipa. Kuna mama mmoja Hombolo anauza maandazi pale juu, yeye ndo mkuu wangu wa usalama saivi. Watoto wote anawakalisha upande wake, upande upepo unakotokea, na asiyekaa hapati andazi. Namlipia ndoo nzima.

Kwa sasa naenda ile ghuba ya nyasi tu, asubuhi, siku ambazo upepo unapita sambamba na ukingo. Upepo ukiwa unatoka majini unakuja nchi kavu hapana, ukiwa unatoka nchi kavu unaingia majini hapana kabisa maana utakusukuma katikati na hakuna wa kukufuata. Kabla ya kila kurusha navuta kamba zote nne moja moja kuona hazijapishana, kamba za pembeni zikibadilishana kushoto kulia kaiti inajizungusha yenyewe mpaka inapiga chini na wewe upo nyuma yake. Alafu najaribu rilisi, naisukuma iachie kweli nirudishe, kwa sababu vumbi la huku linaingia kwenye kale kaspringi linakwama. Naosha kwa maji ya chupa. Yule rafiki yangu wa Dar ameshaniandikia anataka kuja tena mwezi wa saba, nimemwambia aje, ila aje na helmeti yake, ya kwangu haimtoshi, na viraka vya blada vya kutosha wote wawili.